Alama za Kiisimu katika Seli za Lahajedwali
Mwanaisimu anayepanga data katika Excel hana budi kukumbuka kwamba alama iliyo data kwake huweza kuwa amri kwa kompyuta. Akianza mzizi -pik- kwa kistari, programu huudhania kuwa fomula na kuukataa. Dawa ni kutanguliza ritifaa ('), ambayo haitaonekana katika seli. Kuanzia toleo la 2013, sauti /ŋ/ ya ng'ombe huingizwa kwa =UNICHAR(331), na /ʃ/ ya shamba kwa =UNICHAR(643).

Hatari kubwa imo katika kinyota kinachoashiria sentensi isiyokubalika kisarufi. Ukiagiza * itafutwe na kuondolewa, maandishi yote ya jedwali hutoweka, sentensi sahihi zikiwemo. Agiza ~*, nacho kinyota pekee kitaondoka.