Spika ya jirani na moyo wa aliyelala

Joto la Lodwar, katika kaunti ya Turkana nchini Kenya, halizami na jua. Mchana vipimo hufika nyuzi 35 na kupita, na saa tatu usiku kuta na mabati bado yanatema moto yaliyoumeza tangu asubuhi. Ndiyo maana familia nyingi hutandika mikeka na magodoro uani, au hulala milango ikiwa wazi zikingoja upepo. Kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi, mambo ni yale yale Kakuma, katika kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, na katika makazi ya Kalobeyei yaliyoongezwa mwaka 2016, ambako nyumba za matofali ya udongo na mabati zimepakana.

Anayelala hivyo hana ukuta kati ya sikio lake na jirani. Jenereta ya duka, spika ya baa, kipaza sauti cha mkesha, bodaboda yenye eksozi iliyotobolewa: vyote vinamfikia pale mkekani. Wengi huona jambo hili ni la adabu tu. Adabu imo, lakini umo pia moyo, mishipa ya damu na akili ya mtoto anayekwenda shule kesho.

Jicho lina kope, sikio halina

Tunapolala, macho hufumba lakini masikio hubaki kazini. Ubongo huendelea kupokea sauti na kuzichambua: hii ni ya kawaida, ile ni ya hatari. Mama anaweza kulala upepo ukivuma, kisha akashtuka mwanawe anapolia kidogo tu. Wahenga walisema kelele za mlango haziniwasi usingizi, na kwa mlango walisema kweli. Sauti ndogo uliyoizoea ubongo huiachilia ipite.

Sauti kubwa, au inayokuja kwa vipindi, haiachiliwi. Mwili huitafsiri kama tishio na kumwaga adrenalini na kotisoli, homoni zile zile zinazotuandaa kupigana au kukimbia. Moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda, hata kama mlalaji hakufumbua jicho wala hatakumbuka lolote asubuhi. Mwaka 2013 watafiti wa Mainz, Ujerumani, waliwalaza watu 75 wenye afya njema huku wakiwachezea sauti za eropleni zilizorekodiwa. Kulipokucha, adrenalini yao ilikuwa imepanda, na mishipa yao ya damu haikutanuka vizuri kama baada ya usiku wa kimya.

Kwa hiyo anayesema "sisi tumeshazoea" anasema nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba mtu huzoea, akaacha kuamka kila mara. Moyo wake hauzoei kwa kiwango hicho. Usiku mmoja hauna madhara makubwa, lakini miaka ya usiku wa namna hiyo huongeza uwezekano wa shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kelele za magari na vyombo vingine vya usafiri huwapokonya watu wa Ulaya Magharibi angalau miaka milioni 1 ya maisha yenye afya kila mwaka.

Watoto nao hulipa. Uwanja wa ndege wa zamani wa Munich ulipofungwa mwaka 1992, watafiti waliwafuatilia wanafunzi walioishi karibu nao. Baada ya kelele kukoma, kumbukumbu na usomaji wao vilipata nafuu. Waliohamiwa na uwanja mpya walianza kurudi nyuma katika mambo yale yale. Kuna pia waliofika Kakuma wakikimbia milio ya risasi. Kwa mtu mwenye kovu hilo, mshindo wa ghafla saa saba usiku unaweza kumrudisha alikotoka.

Kwa nini Turkana hasa

Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili hushuka kwa takriban nyuzi 1. Pale ambapo usiku wenyewe hauteremki sana chini ya nyuzi 24 au 25, mwili huchelewa kupoa, na usingizi mzito huanza kwa kuchelewa. Saa za kupumzika kikweli tayari ni chache. Kelele inazila hizo hizo.

Anga nayo huisaidia kelele kusafiri. Usiku usio na mawingu, ardhi hutupa joto lake haraka, na hewa iliyoigusa hupoa kabla ya ile ya juu. Sauti hupinda kuelekea kwenye hewa baridi, hivyo badala ya kupaa hurudi chini na kwenda mbali. Upepo mkali ambao Turkana inajulikana kwao hufanya vivyo hivyo kwa walio upande unakoelekea. Ndiyo maana muziki ambao mchana huusikii kutoka ng'ambo ya laga (mto wa msimu), usiku unausikia hadi maneno.

Chukua mfano wa jenereta ndogo yenye desibeli 70 ukiwa mita 7 kutoka ilipo. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6. Kwa mita 14 ni 64, kwa mita 112 bado ni 46. Kufika chini ya 35 kunahitaji karibu mita 400. Kuta na miti hupunguza kiasi, lakini besi ya spika hupenya mabati na kuyatetemesha.

Kiwango hicho cha 35 ndicho cha sheria ya Kenya. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinaweka desibeli 50 nje katika makazi mchana, na 35 usiku, yaani kuanzia saa 2:01 usiku hadi saa 12:00 asubuhi. Katiba ya 2010 nayo imezikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti kelele.

La kufanya leo

Mwenye jenereta aiweke upande ambao upepo unaondoka makazini, juu ya vipande vya tairi kuukuu, nyuma ya ukuta wa matofali au magunia ya mchanga, na akarabati eksozi. Asiifungie ndani kamwe: moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Anayeweza kuhamia sola na betri atakuwa ameondoa kelele na moshi kwa pamoja.

Mwenye baa, kanisa, msikiti au harusi aelekeze spika ndani na chini kwa waliokuja, atumie ndogo kadhaa badala ya moja kubwa ya juu, na apunguze besi kwanza. Kama kuna sherehe, awape majirani taarifa mapema, aseme na saa ya kufunga.

Anayesumbuliwa aende mchana, salamu kwanza, na aseme kinachomuuma: "Jirani, mtoto wangu ana mtihani," au "mama ana presha." Ikishindikana, kuna mzee wa mtaa, chifu, kiongozi wa bloku kambini, ofisi ya mazingira ya kaunti na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Vizibo vya masikio husaidia, lakini mama mwenye mtoto mchanga hawezi kuvitegemea, wala si haki mzigo wote umwangukie anayetaka kulala.

Saa za baridi kuliko zote Turkana ni zile za kabla ya mapambazuko. Ndipo mwili uliohangaika na joto usiku kucha hutulia, na ndipo ndoto nyingi, zinazosaidia ubongo kupanga hisia na kumbukumbu, hupata nafasi. Anayewasha lori saa kumi alfajiri na kuliacha likinguruma, au anayepandisha redio kabla hakujakucha, anachukua saa hizo. Anayengoja kidogo amempa jirani yake usingizi ambao hauuzwi katika duka lolote la dawa.