Muuguzi wa akili hasomei kufunga milango

Wengi wakisikia mtu ni muuguzi wa wagonjwa wa akili, huwazia pandikizi la mtu lenye rundo la funguo kiunoni. Fikira hiyo haikuzuka bure. Hospitali ya Mathari, iliyoko kando ya barabara ya Thika jijini Nairobi, ilianza kupokea wagonjwa hao mwaka wa 1910, na kwa miaka mingi kazi ya waliowatunza ilikuwa kuwazuia wasitoroke. Dawa za kutuliza kichaa zilikuja kupatikana duniani miaka ya 1950.

Siku hizi, mara nyingi, anayetaka kazi hii kwanza husomea uuguzi wa kawaida kwa miaka mitatu hivi na kusajiliwa na Baraza la Wauguzi. Wodi ya akili huipitia, lakini kwa majuma machache tu. Baada ya kufanya kazi kwa muda ndipo hurudi darasani, kwa mfano katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, kusomea stashahada ya juu.

Je, masomo hayo ya ziada yana faida gani? Niliwahi kumwona mwanamume akiletwa hospitalini amefungwa kamba, akitetemeka, jasho likimtiririka, huku akifukuza wadudu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Jamaa zake walishikilia kwamba amerogwa. Sindano ya kutuliza kichaa ilikuwa tayari. Muuguzi wa akili aliyekuwa zamu aliomba wangoje kidogo, akamgeukia mke wa mgonjwa: "Mama, mzee alikunywa pombe mara ya mwisho lini?" Mama alijibu kwamba mumewe alikuwa akilewa kila siku, lakini siku tatu zilizopita aliapa kuacha na hakuonja tena.

Jibu likawa limepatikana. Mwili uliozoea pombe kwa miaka ukinyimwa kwa ghafla huweza kuleta maruerue na kifafa, na wako wanaokufa. Tiba yake ni diazepamu, maji na vitamini B1. Baadhi ya dawa za kichaa huweza kukichochea kifafa hicho.

Muuguzi huyu hufunzwa pia kutofautisha wazimu na malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au sukari iliyoshuka mno. Hufunzwa madhara ya dawa zenyewe. Mgonjwa aliyepewa haloperidoli huweza kupindika shingo na macho yakageukia juu, na hapo jamaa husema mashetani yamezidi, wakamwondoa hospitalini. Sindano nyingine hulegeza misuli hiyo kwa muda mfupi, mradi awepo anayeitambua hali yenyewe.

Sehemu ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kujifunza kuzungumza. Wengi wetu huogopa kumwuliza mtu mwenye huzuni kama anafikiria kujiua, tukidhani tutamtia wazo hilo. Sivyo. Muuguzi wa akili huuliza waziwazi, kwa upole, na mara nyingi mgonjwa hushukuru kupata wa kumwambia. Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa hatia kinakiuka katiba, kwa hiyo hofu ya polisi nayo isimzibe mtu mdomo.

Linaloniudhi ni yanayofuata masomo. Nawajua waliohitimu, tena vizuri, kisha wakarudishwa wodi ya wazazi kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na upungufu. Madaktari bingwa wa akili ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Mahali kwingi muuguzi huyu ndiye bingwa pekee aliyepo. Sheria ya afya ya akili ilivyorekebishwa mwaka wa 2022 inazitaka kaunti zitoe huduma hizi. Ni vigumu kuona zitatolewa na nani iwapo waliosomea wanapima uzito wa watoto.

Kwa msomaji mwenye mgonjwa nyumbani, nenda hospitali ya kaunti uulize kliniki ya akili hufanyika siku gani, na kama yuko muuguzi aliyesomea fani hiyo. Beba dawa zote anazotumia, hata za mitishamba. Aende pia anayeishi naye, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda asikumbuke mara ya mwisho alipolala usingizi. Na kama amefungwa kamba, waambie tangu saa ngapi, ili mikono yake ikaguliwe kwanza.