Matumizi ya Lenzi Zenye Kitulizaji Taswira juu ya Tripodi: Mfano wa Upigaji Picha wa Hati za Kiswahili

Utangulizi

Hati nyingi za tenzi za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baadhi yake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS, London. Katika maandishi hayo, umbo moja la herufi huweza kusomwa b, t au n kutegemea idadi ya nukta na mahali zilipowekwa. Picha ikitikisika kidogo, nukta mbili za t huungana zikaonekana kama nukta moja ya n, na neno likabadilika. Kwa kuwa mtafiti huweza kupata nafasi moja tu ya kuifungua hati, kosa hilo huingia katika data bila kugunduliwa. Makala haya yanafafanua kwa nini kifaa kilichobuniwa kuzuia mtikisiko huweza kuusababisha pindi kamera inapofungwa kwenye tripodi.

Utendaji wa Kitulizaji

Teknolojia hii iliingia katika lenzi za kubadilishwa za kamera za SLR mwaka 1995, kampuni ya Canon ilipotoa lenzi ya EF 75-300mm f/4-5.6 IS USM. Ndani ya lenzi mna vihisio vya jairoskopu vinavyopima kasi ya mgeuko wa kamera. Kichakataji hukokotoa pembe ya mgeuko huo, kisha mota za sumaku-umeme husogeza kundi la vioo ili kuirudisha taswira mahali pake. Mfumo huu ulikusudiwa kukabili mtetemo wa mikono ya mpiga picha.

Chanzo cha Tatizo

Juu ya tripodi imara mtetemo wa mikono haupo. Hata hivyo, kihisio kilichotulia hakitoi sifuri kamili; husalia kelele ndogo na mteleko wa polepole. Kwa kuwa pembe hupatikana kwa kujumlisha kasi kadiri muda unavyopita, makosa hayo nayo hujumlishwa, na vioo husogezwa kusahihisha mwendo ambao haukutokea.

Chukulia lenzi ya milimita 100 iliyolengwa mbali. Kosa la nyuzi 0.01 huisogeza taswira kwa takribani mikromita 17. Katika kamera ya fremu kamili yenye pikseli milioni 24, ambapo kila pikseli ina upana wa takribani mikromita 6, huo ni msogeo wa karibu pikseli tatu. Athari hujitokeza zaidi shata inapokaa wazi kwa muda mrefu, jambo la kawaida katika vyumba vya hati vyenye mwanga hafifu.

Hatua za Kuchukua

Kanuni ya msingi ni kuzima kitulizaji kila kamera inapofungwa kwenye tripodi imara. Zipo lenzi zinazotambua zenyewe kuwa zimewekwa juu ya tripodi, mathalani EF 300mm f/2.8L IS USM ya mwaka 1999. Lakini si zote zina uwezo huo, hivyo mwongozo wa lenzi husika hauna budi kusomwa. Aidha, kitulizaji huweza kusaidia pale kamera inapokaa juu ya nguzo ya mguu mmoja, au kichwa cha tripodi kinapoachwa kikilegea.

Kuzima kitulizaji hakuondoi mitetemo mingine. Kidole kinachobonyeza kitufe na kioo kinachoinuka ndani ya kamera ya SLR hutikisa pia. Kipima muda cha sekunde 2 na kuinua kioo mapema hupunguza athari hizo.

Hitimisho

Kwa muhtasari, kitulizaji hufaa palipo na mtikisiko wa kutulizwa. Kabla ya kufunga hati, mtafiti hana budi kukuza picha ya kila ukurasa hadi asilimia 100 na kukagua nukta zake. Vilevile, hali ya kitulizaji na muda wa shata vielezwe katika sura ya mbinu za utafiti, ili msomaji mwingine aweze kupima iwapo nukta anayoiona ni ya mwandishi wa hati au ni zao la lenzi.