Taa Mbili Nyeupe: Hatua za Kwanza za Mnyanyua Vyuma wa Mashindano

Pawalifti ni mchezo wa minyanyuo mitatu. Wa kwanza ni skwoti, yaani kuchuchumaa na kuinuka na mzigo mabegani. Wa pili ni benchi, yaani kusukuma mzigo kutoka kifuani huku mtu amelala chali. Wa tatu ni dedilifti, yaani kuinua mzigo kutoka sakafuni mpaka kusimama wima. Mshindani hupewa majaribio matatu kwa kila mnyanyuo. Jaribio lake bora la skwoti, la benchi na la dedilifti hujumlishwa, na mwenye kilo nyingi katika uzani wake hushinda. Jumla zikilingana, mwenye mwili mwepesi zaidi ndiye hutangulia.

Mchezo huu si ule wa Olimpiki, ambamo vyuma hupandishwa juu ya kichwa na ambao Mganda Charles Ssekyaaya alishiriki London mwaka 2012. Pawalifti ina shirikisho lake la kimataifa, IPF, lililoundwa mwaka 1972. Katika michezo ya Paralimpiki, mnyanyuo wa benchi peke yake ndio unaoshindaniwa, na wanawake waliingia mwaka 2000 huko Sydney. Billy Ssengendo aliiwakilisha Uganda katika mchezo huo London mwaka 2012, na Mkenya Hellen Wawira Kariuki alipata medali ya shaba ya uzani mwepesi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022. Kwa hiyo mtu mwenye ulemavu wa miguu naye ana njia kamili ya kufika jukwaa la dunia.

Kuluva, kusini mwa Arua nchini Uganda, hujulikana kwa hospitali yake ya Kanisa la Uganda kuliko kwa vyuma. Hata hivyo, kubeba mizigo ni kazi ya kila siku katika eneo lote, kuanzia hapo mpaka Koboko. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20 na ushei, na mtaimbo mtupu wa mashindano, kabla ya kuwekewa sahani yoyote, una kilo 20 pia. Mchukuzi wa sokoni anayeinua gunia la muhogo mkavu hulikaribia mpaka miguu yake iliguse, hushusha nyonga, hukaza tumbo, kisha husukuma ardhi kwa miguu. Huo ndio msingi wa dedilifti. Kilichobaki ni kuusafisha mwendo huo mpaka ukubaliwe na waamuzi.

Waamuzi ni watatu, mmoja mbele na wawili pembeni. Kila mmoja huwasha taa nyeupe akiridhika au nyekundu akiona kosa, na nyeupe mbili zatosha. Katika skwoti, wanachoangalia kwanza ni kina: mkunjo wa nyonga lazima ushuke chini ya kilele cha goti. Miguu huwekwa kwa upana wa mabega au zaidi kidogo, vidole vikitazama nje. Pumzi huvutwa mpaka tumboni na kuzuiwa, tumbo likikazwa pande zote kama la mtu anayengoja ngumi. Makosa ya wanaoanza ni matatu: visigino kunyanyuka, magoti kuingia ndani, na nyonga kupanda kabla ya mabega. Dawa yake ni kupunguza kilo na kutulia sekunde mbili chini kabla ya kupanda, mpaka mwili uzoee njia moja.

Katika benchi, kichwa, mabega na makalio hugusa benchi, na nyayo hubaki sakafuni. Mabega huvutwa nyuma na chini ili kifua kiinuke. Umbali kati ya vidole vya shahada hauruhusiwi kuzidi sentimita 81, na tangu 2023 kanuni za IPF hudai pia viwiko vishuke mpaka vilingane na mabega au vipite chini yake. Mtaimbo ukifika kifuani hutulizwa mpaka mwamuzi mkuu atoe amri ya kusukuma. Hapo ndipo wengi waliozoea kuudundisha kifuani hupoteza jaribio.

Katika dedilifti, mtaimbo hukaa juu ya katikati ya unyayo, karibu na muundi. Mgongo hunyooka, na mikono hulegea kama kamba, kazi yake ikiwa kushika tu. Mtaimbo ukianza kupanda hufuata mwili. Mtaimbo ukisogea mbele hata kidogo, uti wa mgongo ndio hulipa gharama. Hairuhusiwi kuupumzisha mapajani kwa kuupandisha kidogo kidogo, wala kuuachia kabla ya amri ya kushusha.

Vifaa vya kienyeji vyafaa kuanzia, ila vina hila zake. Makopo ya saruji yaliyochomekwa kwenye bomba hayalingani uzito hata yakiwa ya ukubwa mmoja, na upande mzito hupinda mwendo wa mnyanyuaji bila yeye kujua. Ni vyema kila kopo lipimwe kwenye mizani ya wanunuzi wa mazao na kuandikwa uzito wake. Sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo mtaimbo hukaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni. Kopo dogo huushusha na kumlazimu mtu kuinama zaidi, na matofali mawili chini yake hurekebisha hilo. Asiye na mwenzake wa kumsaidia kwenye benchi asifunge sahani kwa vibanio: mzigo ukimshinda, atauinamisha upande mmoja na sahani zitateleza zenyewe.

Ratiba ya mwanzo haihitaji ufundi mwingi. Siku tatu kwa wiki zatosha, kila mnyanyuo kwa seti tatu hadi tano za marudio matano. Kilo 2.5 huongezwa pale tu marudio yote yanapokwenda safi. Yakikwama mara mbili mfululizo, mzigo hupunguzwa kwa asilimia 10 na safari huanza upya. Daftari la kilo na simu iliyowekwa ubavuni, kwenye urefu wa nyonga, ni walimu wa bei nafuu: picha huonyesha kina na mgongo kwa namna ambayo mnyanyuaji mwenyewe hawezi kuhisi.

Misuli hujengwa mezani pia. Wanamichezo wa nguvu huhitaji protini ya gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mwenye kilo 66 ni kati ya gramu 105 na 145. Enyasa, yaani ugali wa Arua, hutoa nguvu ya kufanya kazi. Protini itoke kwenye maharage, karanga, ufuta, mayai na samaki. Dawa za kuongeza misuli zisizojulikana zilikotoka ziepukwe, kwa kuwa kipimo kimoja kikigundua dawa zilizopigwa marufuku kinaweza kufuta matokeo na kumfungia mshindani kwa miaka.

Siku ya mashindano, kupima uzito huanza saa mbili kabla ya mnyanyuo wa kwanza. Mshindani anayeitwa ana dakika moja ya kuanza. Kilo akizitaja na kushindwa, haruhusiwi kuzipunguza katika jaribio linalofuata, na aliyekosa majaribio yote matatu ya mnyanyuo mmoja hana jumla. Ndiyo maana wenye uzoefu hufungua kwa uzito wanaoweza kuurudia mara tatu mazoezini, karibu asilimia 90 ya uwezo wao, na kuacha ujasiri kwa jaribio la tatu. Kabla ya kulipa kiingilio chochote, mshindani wa Uganda aulize kama waandaaji wanatambuliwa na Baraza la Taifa la Michezo lililoko Lugogo, Kampala.

Karatasi ya matokeo haina nafasi ya kueleza kwamba mzigo ulikuwa mzito. Dedilifti ya kilo 140 iliyopumzishwa mapajani huhesabiwa sifuri, na ya kilo 100 iliyonyooka huhesabiwa 100.