Umbo la Mkasi: Nikiisikiliza "In a Silent Way"

Tumefundishwa kwamba msanii akieleza alivyotunga, mhakiki amsikilize. Sawa. Lakini albamu ya Miles Davis, *In a Silent Way*, imenitia mashaka. Ilirekodiwa New York tarehe 18 Februari 1969, siku moja tu, jazi ikikaribisha gitaa na piano za umeme kutoka kwa jamaa wa roki.

John McLaughlin, mpiga gitaa aliyekuwa ndiyo kwanza ametua kutoka Uingereza, amesimulia kwamba Miles alimwambia apige kama mtu asiyejua gitaa. Basi akaanza kwa woga, akitafuta noti mojamoja. Joe Zawinul, mtunzi wa wimbo wenyewe, hakufurahi: Miles alifyeka karibu kodi zake zote (za muziki, si za serikali!).

Sasa hebu sikiliza upande wa pili mpaka mwisho. Melodia ile ya woga inarudi. Kwenye zoezi la darasani niliandika kwamba wanamuziki "wanarejea nyumbani wakiwa wamekomaa". Kumbe wapi! Hawakurejea popote. Prodyuza Teo Macero alinakili utepe wa mwanzo akaubandika mwishoni, kila kusita mahali pake.

Kwa hiyo McLaughlin anatueleza sauti ilivyopatikana. Umbo ni la mkasi. Nasema hivi nikikumbuka kanda za fanani wetu: tunakuja nazo chuoni, tunafuta marudio yake, kisha kwenye tasnifu tunamsifu kwa kusimulia kwa ufupi.