Beaux Arts Trio: Mafiga matatu yaliyodumu kwa miaka 53

Lilianza mwaka 1955 kwa onyesho la kuziba pengo la wengine, likaja kuwa kipimo cha muziki wa chemba duniani. Aliyekuwamo tangu mwanzo hadi mwisho ni mmoja tu: mpiga piano aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi akiwa kijana wa miaka 15.

Jifya moja haliinjiki chungu. Katika muziki wa klasiki wa Ulaya, msemo huo unalingana vyema na utatu wa piano, yaani kundi la wanamuziki watatu: mmoja kwenye piano, mmoja kwenye fidla, na wa tatu kwenye selo, ile fidla kubwa inayoshikwa baina ya magoti. Hakuna kiongozi anayesimama mbele na kijiti. Watatu hao huongozana kwa macho, kwa pumzi na kwa mazoea ya miaka mingi.

Kazi hiyo si rahisi. Piano ina sauti nzito inayoweza kuzifunika nyuzi za wenzake, hivyo mpigaji wake analazimika kujizuia bila ya kufifia. Ndiyo maana zamani utatu wa piano mara nyingi ulikuwa mkutano wa muda wa mabingwa watatu mashuhuri, ambao baada ya maonyesho machache kila mmoja alishika njia yake.

Mwanzo wa bahati

Menahem Pressler alizaliwa Magdeburg, Ujerumani, mwaka 1923, katika familia ya Kiyahudi. Novemba 1938, katika usiku wa mashambulizi dhidi ya Wayahudi, duka la nguo la baba yake lilivunjwa. Mwaka uliofuata wazazi na watoto walitorokea Italia, kisha Palestina. Bibi na babu zake na jamaa wengine waliobaki nyuma waliangamia katika kambi za Wanazi.

Mwaka 1946 Pressler alishinda shindano la kimataifa la piano mjini San Francisco, Marekani. Baadaye, alipotaka kurekodi utunzi wa Mozart wa ala tatu, alimwendea Daniel Guilet, mpiga fidla mzaliwa wa Urusi aliyekulia Ufaransa na kuhamia Marekani wakati wa vita. Guilet alimleta Bernard Greenhouse, mpiga selo Mmarekani aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Pablo Casals.

Julai 1955, watatu hao walipanda jukwaani katika tamasha la Tanglewood, jimboni Massachusetts, badala ya kundi jingine lililoshindwa kufika. Hapo ndipo safari ilipoanza.

Mtu huondoka, kundi hubaki

Guilet alistaafu mwaka 1968 na nafasi yake ikachukuliwa na Isidore Cohen. Katika miaka ya 1970 kundi lilirekodi utatu wote wa Haydn, kazi iliyowafungulia wasikilizaji hazina iliyokuwa imesahauliwa kwa sehemu kubwa. Katika tungo hizo selo mara nyingi hufuata tu sauti za chini za mkono wa kushoto wa mpiga piano. Mpiga selo hodari angeweza kuona kwamba hapewi haki yake. Greenhouse aliitenda kazi hiyo kwa ukamilifu, na sauti yake ndiyo iliyoupa muziki huo uti wa mgongo.

Greenhouse aliondoka mwaka 1987 akampisha Peter Wiley. Baada ya Cohen walifuata wapiga fidla Ida Kavafian, mzaliwa wa Istanbul, na Young Uck Kim kutoka Korea Kusini, huku Mbrazili Antonio Meneses akishika selo kuanzia 1998. Kila badiliko lilizua swali lile lile: je, hili bado ni kundi lile? Jibu lilitafutwa kwa mazoezi. Pressler hakumtaka mgeni amwige aliyemtangulia. Tungo zilizopigwa mamia ya mara zilifunguliwa upya, kana kwamba ndiyo kwanza zimeandikwa.

Mpiga fidla wa mwisho, Daniel Hope, alijiunga mwaka 2002. Alizaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1973, na wazazi wake walihamia Uingereza naye angali mdogo, kwa sababu baba yake, mwandishi Christopher Hope, aliupinga utawala wa ubaguzi wa rangi. Hivyo, kwenye jukwaa moja, walikaa watu wawili waliopishana umri kwa miaka 50, ambao kila mmoja familia yake ilisukumwa na siasa za ubaguzi kuiacha nchi yake.

Kurejea nyumbani

Kundi lilifunga pazia Septemba 2008 mjini Lucerne, Uswisi. Kwa miaka 53 lilikuwa limepitiwa na wapiga fidla watano, wapiga selo watatu na mpiga piano mmoja.

Pressler hakupumzika. Aliendelea kufundisha katika Chuo Kikuu cha Indiana, alikoanza kazi mwaka ule ule wa 1955. Magdeburg, mji alioutoroka, ulimpa uraia wa heshima. Na katika mkesha wa mwaka mpya wa 2015, akiwa na umri wa miaka 91, alipiga konseto ya Mozart mjini Berlin pamoja na okestra ya Berliner Philharmoniker.

Alifariki dunia London, Mei 2023, akiwa na umri wa miaka 99.