Katwe ya chumvi na Katwe ya mabati: bodi iliyoliwa na kutu itengenezwe au inunuliwe mpya?

KASESE, Uganda – Wilayani Kasese kuna Katwe ya chumvi. Jijini Kampala kuna Katwe nyingine, ya mafundi chuma. Msafirishaji mwenye gari la zamani huzijua zote mbili: ya kwanza hula gari lake, ya pili hula mfuko wake.

Kwa mwenye Land Rover au Toyota Land Cruiser ya miaka mingi inayofanya kazi kati ya Katwe, mji wa Kasese, Bwera na mpaka wa Mpondwe, ipo siku mguu wa dereva utatoboa sakafu. Hapo huanza swali ambalo wengi hulijibu kwa haraka na kulijutia baadaye. Je, bodi kuukuu itengenezwe, au inunuliwe bodi ya nakala, yaani mpya iliyoundwa kwa vipimo vya ile ya awali?

Wengi huanza kwa kulinganisha bei mbili: ya fundi na ya muuza bodi. Bei hizo ni muhimu, lakini peke yake hazitoshi. Kinachoamua ni gari litakaa siku ngapi bila kazi, na kazi itakayofanyika itadumu miaka mingapi.

Chumvi hufanya nini

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa ya oksijeni. Chumvi haianzishi kutu, bali huiharakisha kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na umeme huo mdogo ndio unaokula chuma. Aidha, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Kwa hiyo gunia lililovuja chumvi pembeni mwa tandiko la gari linaweza kuacha bati likiwa na majimaji hata wiki ambazo mvua haikunyesha.

Kasese ina mfano mkubwa kuliko gari lolote. Kiwanda cha chumvi cha Katwe, kilichojengwa kuanzia miaka ya 1970 ili kusafisha chumvi ya ziwa hilo la kreta, kilifanya kazi kwa muda mfupi tu, kwani maji yenye chumvi yaliharibu mabomba yake ya kupashia joto. Wachimbaji wanaotumia mashimo na mikono waliendelea na kazi hadi leo. Kama mabomba ya kiwandani hayakustahimili, bati la gari lenye unene wa milimita moja hivi halina ujanja.

Jambo jingine ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo maana mahali mabati mawili yanapoungana huvimba na kupasuka rangi. Uvimbe mdogo kwa nje huwa ni dalili ya tundu kubwa kwa ndani.

Chasi kwanza, bodi baadaye

Kabla ya kuuliza bei yoyote, gari lipandishwe juu na chasi ikaguliwe. Vifaa ni rahisi: nyundo ndogo, bisibisi na sumaku. Chuma kizima kikigongwa hulia; kilichooza hutoa sauti ya kufa, na bisibisi huingia. Sumaku isiposhika mahali panapopaswa kuwa na chuma, basi pamezibwa kwa puti na kupakwa rangi.

Sehemu za kuangaliwa sana ni vishikio vya springi za nyuma, mahali bodi inapofungwa kwenye chasi, vizingiti vya milango, sakafu ya dereva, chini ya betri na fremu ya kioo cha mbele. Chasi ya aina ya boksi huoza kutoka ndani kwa sababu matope huingia na hayatoki, hivyo ukaguzi wa macho pekee haufai.

Kama chasi ni nzima na kutu iko sakafuni na kwenye vizingiti, ukarabati mara nyingi unafaa. Kama chasi imeoza na nguzo za bodi zinazobeba paa na milango nazo zimekwisha, kila kiraka kitashikiliwa na chuma kibovu. Bodi mpya juu ya chasi mbovu nayo ni hasara ileile, ila ya gharama kubwa zaidi.

Land Rover si Land Cruiser

Magari haya mawili huoza kwa namna tofauti. Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, wakati Uingereza ilipokuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na mabati yake mengi ya nje yalitengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Mabati hayo hayashiki kutu kama ya chuma. Lakini chasi ni ya chuma, na ukuta uliopo kati ya injini na dereva pia ni wa chuma. Matokeo yake gari linaweza kupendeza kwa nje huku mgongo wake umekwisha. Zaidi ya hapo, aluminiamu inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe, hasa kuzunguka bolti.

Kwa Land Rover, basi, kinachonunuliwa kikiwa kipya mara nyingi ni chasi. Uingereza wapo watengenezaji wa chasi za nakala zilizochovywa kwenye zinki, na mabati ya zamani huhamishiwa juu yake.

Land Cruiser ya mfululizo wa 40, iliyotengenezwa Japani kuanzia 1960 hadi 1984, ina bodi ya chuma tupu. Hapo bodi ndiyo huwahi kuisha, na chasi huweza kubaki salama. Swali la bodi ya nakala linahusu zaidi gari la namna hii.

Nakala hutoka wapi

Biashara ya bodi za nakala imekua kwa sababu ya wapenzi wa magari ya zamani huko nje. Mfano unaojulikana ni wa Uingereza, ambako mwaka 1988 bodi nzima ya gari dogo la MGB ilianza kutengenezwa upya, miaka minane baada ya gari lenyewe kusimamishwa kiwandani mwaka 1980. Mwaka 2021 Toyota ilitangaza kuwa itatengeneza upya vipuri vya Land Cruiser ya mfululizo wa 40. Hata hivyo, orodha hiyo ilianza na vipuri vya injini, vya kupeleka nguvu kwenye magurudumu na vya ekzosti. Anayetaka bodi huenda kwa watengenezaji wengine, na ubora wao haulingani.

Usafiri nao una hesabu yake. Bodi tupu ni nyepesi, lakini imejaa hewa. Mzigo unaochanganywa na wa wengine ndani ya kontena hulipiwa kwa uzito au kwa nafasi, kile kinachozidi. Bodi yenye urefu wa mita 4, upana wa mita 1.6 na kimo cha mita 1.4 inachukua karibu mita 9 za ujazo, na mwenye mali atalipia nafasi hiyo hata kama bodi haifiki nusu tani. Kisha kuna barabara: Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, na Kampala hadi Kasese zaidi ya 300. Kuagiza mabati yaliyofunguliwa na kupangwa kwenye kreti hupunguza sana nauli.

Nakala ya tatu ni ya hapa hapa. Mafundi wa Katwe ya Kampala, na wale wa gereji za Kasese, hukunja bati na kuiga sakafu, kizingiti au madigadi kwa kufuata kipande cha zamani. Kwa sehemu zilizonyooka kazi hiyo yaweza kuwa nzuri na ya bei nafuu. Kwa sehemu zenye mipindo, kama fremu ya kioo, tofauti ndogo ya vipimo huleta mlango usiofunga na maji yanayoingia ndani, na maji hayo hurudisha kutu ileile.

Tahadhari hapa ni bati la kuezekea. Bati la geji 30 lina unene wa karibu milimita 0.3, wakati sakafu ya gari huhitaji bati la kuanzia milimita 1.2 hivi. Aidha, moshi wa kuchomelea bati lenye zinki humletea fundi homa. Zinki ikwanguliwe kwanza, na kazi ifanyike penye hewa.

Hesabu ya mfano

Tuchukue pikapu inayobakiza shilingi 120,000 za Uganda kwa siku baada ya mafuta na malipo ya dereva. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila mwenye gari aweke zake.

Ukarabati: fundi, mabati na rangi ni shilingi milioni 6.5. Gari linakaa gereji siku 45 za kazi, sawa na milioni 5.4 zilizopotea. Jumla ni milioni 11.9.

Bodi ya nakala: bodi, nauli na ushuru ni milioni 14, na kuifunga ni milioni 3. Wakati bodi iko baharini gari linaendelea na kazi. Linasimama siku 20 tu za kufunga, sawa na milioni 2.4. Jumla ni milioni 19.4.

Kwa jumla hizo, ukarabati unaonekana kushinda. Sasa gawanya kwa miaka. Kama chuma kilikuwa kimechoka na ukarabati ukadumu miaka 3, gharama ni karibu milioni 4 kwa mwaka. Bodi mpya ikidumu miaka 10, ni milioni 1.94 kwa mwaka. Mshindi amebadilika.

Lakini bodi hiyo mpya ikibebeshwa chumvi bila kinga na kuisha kwa miaka 4, gharama inapanda hadi milioni 4.85 kwa mwaka, zaidi ya ukarabati. Kadhalika, kama gari ni bovu kiasi cha kutoweza kufanya kazi wakati bodi inasubiriwa, siku hizo zote ziongezwe kwenye hesabu. Siku 90 za kusubiri ni milioni 10.8 nyingine.

Ndiyo kusema anayekarabati chuma ambacho bado kina nguvu hafanyi kosa, na anayenunua bodi mpya bila kubadili namna ya kubeba mzigo hajanunua kitu.

Karatasi na mpaka

Njia ya tatu, ya kuuza gari bovu na kuagiza jingine zima la aina ileile, imebanwa na sheria. Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, isipokuwa aina chache maalumu. Kenya nayo hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka 8. Marufuku ya Uganda inagusa uingizaji. Gari lililokwisha kusajiliwa nchini halimo. Hii ni sababu mojawapo ya gari la zamani lenye kadi safi kuwa na thamani kuliko sura yake.

Bodi peke yake huhesabiwa forodhani tofauti na gari zima. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, bodi na vichwa vya magari viko kifungu cha 8707, vipuri viko 8708, na magari ya mizigo 8704. Msafirishaji amtake wakala wa forodha aandike kifungu na kiwango cha ushuru kabla pesa haijatumwa ng'ambo. Kodi ya ongezeko la thamani nchini ni asilimia 18.

Namba ya chasi ndiyo utambulisho wa gari. Fundi asiisage wala kuifunika kwa kiraka. Chasi ikibadilishwa, au rangi na aina ya bodi zikibadilika, kadi ya gari irekebishwe kabla ya safari. Gari lililozuiwa Mpondwe kwa sababu namba hailingani na kadi huzuiwa pamoja na mzigo wake, na samaki wa Ziwa Edward hawasubiri barua.

Anayepata bodi au kichwa cha gari upande wa Kasindi, Beni au Butembo aangalie usukani. Uganda huendesha kushoto mwa barabara na Kongo kulia, kwa hiyo bodi yaweza kuwa imetobolewa kwa usukani wa upande usiofaa. Kuigeuza ni kazi ya ziada ya fundi.

Ili kazi idumu

Njia yoyote itakayochaguliwa, mambo machache huongeza miaka. Kutu ikatwe hadi chuma kizima, isifunikwe kwa puti. Betri ifunguliwe na tangi la mafuta liondolewe kabla ya kuchomelea. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe pande zote mbili za bati, na nta maalumu inyunyizwe ndani ya vizingiti na chasi. Oili chafu, inayotumika sana gereji, huharibu bushi za mpira na huchafua ardhi.

Kwa anayebeba chumvi, turubai nzito itandikwe chini ya magunia, na gari lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa chini ya tumbo, siku ileile ya kushusha mzigo. Matundu ya kutolea maji milangoni na sakafuni yazibuliwe kila mara.

Malipo ya fundi nayo yapangwe kwa awamu: sehemu ya kwanza kutu ikishakatwa na kuonekana, ya pili baada ya kuchomelea na kabla ya rangi, na ya mwisho milango ikifunga. Rangi ikishapakwa, hakuna anayeweza kuona kilicho chini yake.